Fundi Kufuli Haweki Nakala

4 Februari

Kwako Chiriku wangu,

Hujambo mwanangu? Kazi ya huko ugenini haijakukondesha? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Nakula, nalala, na jiliwa langu la kubania funguo bado linabana.

Usishangae kupata karatasi badala ya ujumbe. Simu uliyoniletea ni nzuri, ina kioo kipana, wateja wakiiona wanadhani nimeokota dhahabu. Ila siiamini. Nakueleza, nawe uniambie kama nimeanza kuzeeka vibaya.

Jumatatu nilikuwa kibarazani na Soli, yule fundi viatu aliyekushonea kiatu chako cha kwanza cha shule. Bado tunagawana kibaraza kilekile, yeye upande wa ngazi, mimi upande wa mlango, na ubao wetu wa dama katikati. Akawa analalamikia godoro lake limebonyea, mgongo unamuuma. Simu iko mezani, imelala kifudifudi, imejinyamazia. Jioni naifungua nisome habari: godoro. Nateremka chini: godoro jingine. Kesho yake mito. Wallahi sijaandika neno godoro popote. Nani kaiambia?

Wewe utacheka. Lakini fikiria kazi yangu. Watu wakija kubadilisha kitasa hawaniambii habari za kitasa, wananiambia wanamfungia nani nje. Wiki iliyopita alikuja mwalimu mmoja, akanong'ona habari za mumewe mpaka nikaona haya. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Kama inasikia, basi yule mama amenong'ona sokoni, na aliyempeleka sokoni ni mimi. Fundi kufuli akishajulikana hana siri, afunge duka akauze karanga.

Kwa sasa nimeitia kwenye kopo la biskuti, na kopo nimeliweka juu ya kabati. Inalia humo ndani, naiacha ilie. Nipe ushauri.

Ni mimi baba yako


15 Februari

Kwako baba mpendwa,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema. Mimi mzima, kazi nyingi, mitambo ya ofisini inaharibika zamu kwa zamu kama imepangiwa ratiba. Nimecheka kidogo tu, usinune.

Itoe simu kwenye kopo. Sidhani kama ilisikiliza, ingawa siwezi kukuapia. Nadhani mambo yalikwenda hivi: Soli anatumia waifai ya nyumbani kwako, si ndiyo? Akiwa hapo kibarazani alitafuta godoro kwenye simu yake. Wenye matangazo wanaona simu mbili zinatokea nyumba moja, wanazihesabu familia moja. Ya Soli wakakuletea wewe. Hawahitaji kusikia, baba, wanatosheka kuchungulia.

Sasa fanya hivi, polepole. Ingia kwenye mipangilio, tafuta palipoandikwa ruhusa. Utaona kila programu imeruhusiwa nini. Maiki zima kwenye zote, acha ya kupigia simu tu. Mahali ulipo, zima. Ukiona programu inaomba kitu kisichohusu kazi yake, ifute. Na ukurasa wowote ukikuuliza swali huku kitufe cha kukubali kikiwa kikubwa na cha kukataa kikiwa kidogo, ujue kile kidogo ndicho chako.

Pamoja na barua nakutumia kisanduku, si kikubwa kuliko kipande cha sabuni. Nimekiandaa mwenyewe. Kichomeke kwenye ruta kwa ule waya mfupi, kisha kwenye umeme, basi. Kitakuwa bawabu wako. Simu ikitaka kwenda ukurasa fulani, inamuuliza bawabu kwanza. Ana orodha ndefu ya majina ya wauza matangazo na wachunguzi. Akikuta jina limo, anafunga lango. Hutaona matangazo tena, si kwako wala kwa Soli. Ila ukitoka nje ya nyumba bawabu habebeki, anabaki langoni.

Msalimie Soli. Mwambie anunue godoro.

Binti yako


6 Machi

Kwako Chiriku,

Salamu mwanangu, na pole na mitambo. Huku kwema, isipokuwa mvua imeingia dukani na kuniloweshea tupa zangu za kuchongea.

Bawabu amefika na ameshika zamu. Nakiri, kazi yake safi. Nafungua habari, nakuta habari. Kurasa zimekuwa nyeupe kama shuka mpya. Soli naye anafurahi, ingawa anasema sasa hajui godoro zuri linauzwa wapi.

Ile tochi ya kwenye simu nimeifuta. Ilikuwa imeomba majina ya watu wangu wote. Tochi inataka majina ya watu ya nini, iwamulike? Maiki nimezima kila mahali kama ulivyosema. Zamani nilikuwa naiuliza simu kwa mdomo, sasa naandika kwa kidole, nakosea herufi, kazi kwelikweli. Na ukiona mwandiko wangu umekuwa mkubwa usijali, ni kalamu.

Kasoro ni moja: ukurasa wa matokeo ya mpira umegoma kufunguka. Bawabu kauona jambazi.

Kisha nina swali, na hili ndilo linaloniweka macho usiku. Hicho kisanduku kina taa ya kijani, inakonyeza mchana kutwa. Inamkonyeza nani? Umeniambia kila simu inamuuliza yeye kabla ya kwenda popote. Basi yeye anajua kila tunakokwenda. Bawabu anayejua nani kaingia na nani katoka ni mtu wa kuogopwa kuliko mwizi. Anayoyaona anayaweka wapi, na anamwambia nani?

Unajua sheria yangu. Mtu akiniletea ufunguo niuchonge, naukandamiza kwenye sabuni kupata alama zake, nachonga, kisha ile sabuni naivunja mbele ya macho yake na kumpa vipande aende akafulie. Miaka arobaini. Sijawahi kubaki na nakala ya mlango wa mtu, hata wa dada yangu. Kwa hiyo nakuuliza kama mteja: kuna nakala ya ufunguo wa bawabu huyu, na anayo nani?

Baba yako


20 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini tupa zimekauka na kifua hakijashikwa na baridi. Mimi niko salama, nimehamia chumba chenye dirisha linalotazama ukuta, lakini ni dirisha.

Taa ya kijani isikutishe. Inawaka kuonyesha kwamba umeme upo na mawasiliano yanapita, ni kama mtu anayehema. Kuhusu mpira, jaribu tena sasa, utafunguka. Kalamu nitakutumia nyingine. Na simu yako ikikuambia inataka kujisasisha, iruhusu; mara nyingi inaziba matundu ambayo wezi wameshayajua.

Baba, jambo moja tu. Presha ya macho si ugonjwa wa kuachia. Haiumi, ndiyo ubaya wake. Inakuibia pembeni kidogo kidogo mpaka siku unashtuka. Usiruke matone hata siku moja, na tarehe ya kliniki usiikose kwa sababu ya mteja. Nakuomba sana.

Binti yako akupendaye


2 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Nani kakuambia?

Sikukuandikia habari za macho. Sikumwambia shangazi yako wala jirani. Alijua mtu mmoja. Soli ndiye aliyenishika mkono kunivusha barabara kwenda kliniki mwezi wa Januari, ndiye aliyemsikia daktari akisema presha ya macho, jicho la kushoto limeshaliwa, la kulia linawahika. Ndiye anayenitilia matone asubuhi na jioni, kwa sababu nikijitilia mwenyewe yanaangukia shavuni. Nilimwapisha. Unajua kwa nini nilificha. Nani atampa ufunguo wake fundi asiyeyaona meno yake? Na wewe ungesema nifunge duka nije kwako, nikae ghorofani nikitazama lifti inavyopanda na kushuka.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilitoka nayo kibarazani. Nikamuuliza mbele ya mteja wake. Akasema, "Sijasema." Mara moja tu. Hakuapa, hakupiga kelele. Mtu mwenye haki hupiga kelele. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako, nikaupindua ubao wa dama. Akaokota kete moja moja, akakusanya nyundo yake na kile chuma chake cha kugongea soli, akahamia ng'ambo ya barabara, pembeni ya duka la vitabu. Miaka thelathini ya kibaraza kimoja imekwenda ndani ya kikapu kimoja.

Sina zaidi.

Baba


10 Mei

Kwako Chiriku,

Salamu. Wiki zaidi ya tano hujaniandikia. Jina la Chiriku nilikupa kwa sababu ulikuwa hunyamazi hata ukiwa na chakula mdomoni. Sasa umenyamaza na mimi nimebaki na sauti ya tupa.

Tarehe kumi na saba Aprili ndiyo ilikuwa siku ya kliniki. Nilitoka, nikafika ukingoni mwa barabara, nikasimama. Magari ya kushoto siyaoni mpaka yamenifikia. Nilisimama pale hadi kiatu kikaniuma, nikarudi. Soli alikuwa ng'ambo ananitazama. Hakuja, nami sikumwita. Matone najitilia, nusu nalitibu jicho, nusu natibu shavu. Juzi mwalimu yule amerudisha ufunguo mara mbili, haukuingia. Alicheka kwa upole, akasema haina neno. Upole wake uliniuma kuliko angenitukana.

Nikiwa peke yangu nina muda mwingi wa kusoma, kwa lenzi. Nimezisoma barua zako zote tena. Kitasa cha pini tano, mwanangu, pini nne zikiitika haina maana yoyote. Mlango umeshikwa na ile ya tano. Machi nilikuuliza maswali. La taa ulijibu. La mpira ulijibu. Hata la kalamu, ambalo sikuuliza, ulijibu. La nakala ya ufunguo hukujibu.

Na huo mpira. Uliandika "jaribu tena sasa, utafunguka." Nikajaribu, ukafunguka. Mimi sikukigusa kisanduku. Soli hakukigusa. Mlango wa ndani ya nyumba yangu umefunguliwa na mtu aliye mbali, na mimi fundi kufuli nimeketi hapohapo nikishangilia mabao.

Sitaki kuimalizia hesabu hii, naiogopa. Imalizie wewe. Je, nimemwonea mtu?

Baba yako


22 Mei

Baba,

Shikamoo. Sijui kama nina haki ya kukuuliza hali leo, lakini nauliza.

Umemwonea mtu, na aliyekusababishia ni mimi. Soli hajaniambia neno. Nakala ninayo mimi.

Nilipokiandaa kisanduku nilijiachia njia ya kukiingia kutoka huku. Nilijiambia ni kwa ajili ya matengenezo, pakiharibika kitu nitakusaidia, na kweli ukurasa wa mpira niliufungua hivyo. Lakini bawabu ana daftari. Anaandika jina la kila ukurasa ambao simu zenu zinauendea, na saa. Hajui mnasoma nini ndani, anajua mlango mliogonga. Nikaanza kulifungua lile daftari kila asubuhi kabla ya kazi. Mwanzoni nilitaka kuona tu saa uliyoamka. Ukurasa wa habari, saa kumi na mbili na robo: baba kaamka, yu hai, anakunywa chai. Tangu mama atangulie nimekuwa nikiamka na hofu hiyo kila siku baba, na hilo daftari lilikuwa linanituliza. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungelikataa.

Kisha nikaona ukurasa wa hospitali ya macho. Mara kumi na moja kwa wiki. Ukurasa wa wagonjwa wa presha ya macho, saa nane mchana, saa ambayo duka huwa na wateja. Ningeweza kukuuliza, "Baba, macho vipi?" kama mtoto yeyote. Niliandika kama mtu anayejua, kwa sababu nilikuwa najua, na hofu ilinishinda ujanja.

Barua yako ya Aprili ilipofika nilijua palepale kwamba Soli anaadhibiwa kwa kosa langu. Nikaiweka chini ya mto. Kila siku nilisema kesho nitaandika. Nilikuonyesha jinsi ya kuwafungia wachunguzi wote wa dunia, nikajiacha ndani. Ulisema kikulacho ki nguoni mwako. Ni kweli, ila nguo umekosea.

Ile njia nimeifuta leo. Lakini usiniamini kwa maneno. Chomoa waya, au kipeleke kisanduku kwa fundi simu mwingine akiangalie. Fanya utakavyo.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine iliyofungwa, ya Soli. Nimemwandikia mwenyewe. Naomba uivushe barabara wewe, kwa mkono wako, na usiifungue.

Nisamehe baba. Na matone usiyaache.

Binti yako


20 Juni

Baba,

Shikamoo.

Nimekupigia mara tatu, simu inaita tu. Labda imerudi kwenye kopo. Nimempigia shangazi, anasema ulimwitikia salamu kwa mbali. Sasa kila asubuhi sijui umeamka saa ngapi. Najua ndivyo inavyotakiwa, na najua watu wote waliokuwa na wazazi mbali waliishi hivi. Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa kunigombeza.

Binti yako


14 Julai

Kwako Chiriku,

Hujambo? Sisi huku hatujambo. Nasema sisi kwa sababu kama unavyoona huu mwandiko si wangu. Ni wa Soli. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuongeza chumvi.

(Soli: Hujambo mwanangu. Sijaongeza.)

Barua yako ilikaa siku tisa juu ya kabati, karibu na kopo. Ile ya kwangu niliisoma nikakasirika mpaka nikakichomoa kisanduku na kukibana kwenye jiliwa. Nyundo nilikuwa nayo mkononi. Nikaona kwamba nikikivunja nitakuwa nimevunja kitu kisicho na kosa mara ya pili mwaka huu, nikaacha.

Ile ya Soli nilikuwa nayo mfukoni muda wote huo. Bahasha nyepesi, gundi yenyewe mbovu. Kazi yangu ni kufungua vilivyofungwa, na sikuifungua. Siku ya kumi nikaenda ukingoni mwa barabara na kumwita kwa jina lake. Akaniacha nimesimama, akamaliza kugonga kisigino cha mteja, ndipo akaja kunishika mkono. Akanikalisha kwenye kigoda chake nusu saa nzima akisoma.

(Soli: Ni dakika ishirini. Na nilikuwa nasoma mara mbili.)

Ulichomwandikia hajaniambia, nami sijauliza. Nilimwambia nimekosa. Akasema, "Najua." Siku tatu hakusema lingine. Ya nne akaja na kikapu chake, akaweka ubao wa dama, akasema zamu yangu kuanza. Sasa nacheza kwa kupapasa kete, na anapata nafasi ya kuiba.

Kliniki tumekwenda. Jicho la kushoto tumelizika, pale sioni kitu ila mwanga. La kulia limebaki, na daktari anasema litabaki kama matone hayatakwenda shavuni. Alisema mwezi wa Aprili ungeniokolea kidogo zaidi. Hilo nakuambia kwa sababu ni kweli, na sitaki tuanze tena kufichana. Lakini mwezi huo tuligawana wawili: wewe ulinyamaza, na mimi nikaona afadhali kumshuku rafiki wa miaka thelathini kuliko kukuuliza wewe swali mara ya pili.

Bawabu tumemrudisha zamuni. Fundi simu wa mtaa wa pili amemfuta kumbukumbu zote, daftari amelizima, akatuwekea neno la siri jipya. Nusu nalijua mimi, nusu analijua Soli. Fundi akauliza kama atutunzie nakala, tukamtoa nje wote wawili. Ruhusa za simu tumezipitia tena moja moja, na maiki nimeirudisha mahali pamoja tu, pale pa kuuliza kwa mdomo, kwa sababu kidole hakioni. Nimeiambia simu kwamba najua inasikia.

Asubuhi nikishatiwa matone nitakuwa nakutumia ujumbe, neno moja: nimeamka. Utalipata kwa sababu nimekutumia mimi. Siku nikichelewa usikimbilie kuchungulia, piga simu uniulize.

Sijakusamehe yote. Nimeanza, naendelea kila siku kidogo.

Ndani ya bahasha hii kuna ufunguo. Ni wa mlango wa mbele wa nyumba hii. Nimeuchonga mwenyewe kwa kidole gumba, Soli akinisomea meno lakini hakugusa tupa. Ulifungua mlango nilipoujaribu mara ya tatu. Sabuni sikuivunja mbele yako, kwa hiyo naitia humu pia, uivunje wewe. Ndiyo nakala pekee niliyowahi kutoa ya mlango huu, na najua iko kwa nani.

Njoo siku yoyote. Lakini ukifika, ingawa ufunguo unao mkononi, simama hapo nje upige hodi. Usubiri nikuitikie karibu. Kisha ndipo ufungue.

Baba yako